Wa Kuzika na wa Kubaki

Mama yangu alikuwa mtu wa misiba. Simsemi vibaya, Mungu anajua, namsema alivyokuwa. Kilio kikisikika mtaani kwetu Pasiansi, kule juu kwenye mawe, kabla hujamaliza kuuliza ni nani, yeye ameshajifunga khanga ya pili kiunoni na ndoo ya maji iko kichwani. Alikuwa anaingia hata kwa watu asiowajua. Akifika hasemi sana. Anakwenda moja kwa moja jikoni, anashika mwiko, na humwoni tena nyumbani mpaka matanga yaishe.

Nilikuwa namchokoza. "Mayu," namwambia, maana kwetu Wasukuma mama ni mayu, "wewe hata ng'ombe wa watu akifa utakwenda kupika."

Alinijibu bila kucheka. "Cheka tu. Na mimi nitakufa. Siku hiyo nataka watu wakose pa kukaa."

Hilo ndilo alilolitaka duniani. Nyumba ya mabati mapya hakuiwaza, wala kitenge cha gharama. Alitaka watu. Na hakuwa mjinga. Kwetu maisha ya mtu yanapimwa siku ya kumzika. Watu wakijaa, inasemwa aliishi vizuri na wenzake. Wakiwa wachache, hata ungekuwa malaika, wataanza kuulizana pembeni: kwani huyu alikuwa na shida gani? Sasa mama yangu, aliyezika nusu ya mji huu, alizikwa na watu walioenea chini ya turubai moja, na nafasi ikabaki. Niliyepanga iwe hivyo ni mimi. Naandika kwa sababu jambo hilo bado lipo kooni, na nimechoka kulimeza.

Kazi yetu ni dagaa. Mama aliifanya, nami niliikuta. Kwenye mwalo wetu, upande wa Ilemela, mitumbwi inafika alfajiri. Tunanunua dagaa wabichi kwa ndoo, tunawaanika mchangani, tunawageuza, tunafukuzana na kunguru na korongo, na jua likiwa zuri mpaka jioni wamekauka. Wavuvi wanatoka giza likiwa zito, na taa zao. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo siku za mwezi mpevu mji mzima wa dagaa unalala. Ndizo siku zetu za kusuka nywele, kufua na kugombana.

Mvua ya ziwani haipigi hodi. Zamani, wingu likitokea upande wa visiwani, kila mwanamke alikimbilia dagaa wake. Unamwona mtu anawaruka wa mwenzake, anawakanyaga kabisa, ili awahi wa kwake kule mwisho. Dagaa wengi walikuwa wananyeshewa hivyo hivyo tukitazama. Siku moja mwanamke mmoja Mkerewe, mfupi, mwenye mdomo, alisimama katikati ya mchanga akapiga kelele, "Anua walio miguuni pako! Miguuni pako, we mwanamke!"

Alikuwa ananiambia mimi. Nikamjibu kwa hasira kwamba walio miguuni pangu ni wa mtu ambaye hatusalimiani.

"Basi anua huku umenuna," akasema.

Nikaanua huku nimenuna. Na wa kwangu, nilipogeuka, nikakuta wameshaanuliwa na mtu mwingine. Tangu siku ile hatukuacha. Ukiona wingu, unaanza na walio karibu yako, wawe wa nani. Yule Mkerewe tukaanza kumwita Mwenyekiti, kwa kumtania tu, maana hakuchaguliwa na mtu. Jina likamganda.

Naweka wazi hili kwa sababu vijana wa mashirika wanaokuja siku hizi na fulana zao wananiuliza, mama, harakati zenu zilianzia kwenye semina gani? Semina! Zilianzia kwenye wingu.

Halafu akaja tajiri. Alisema ufukwe ule ni wake na anajenga hoteli. Tukaenda ofisi hii, tukaenda ile, kote tukaambiwa tusubiri. Mwenyekiti akasema vizuri, tutasubiri, ila tutasubiria pale pale mchangani. Akapanga zamu. Hata siku za mbalamwezi, hata Krismasi, lazima wawepo wanawake ufukweni, na chochote kianikwe, hata kama ni mihogo. "Mchanga mtupu unapata mwenyewe," alikuwa anasema. "Mchanga wenye watu unaleta maneno, na maneno yanachukua muda. Sisi tunataka muda."

Aliwaita wauzaji wa dagaa wa sokoni Mkuyuni, wakaja. Akawaita wa mialo mingine, wakaja kutazama tunavyofanya, wakaenda kufanya kwao. Nilimuuliza siku moja, maana mimi sina subira, kwamba hii kitu itaisha lini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa ziwa litaisha lini. "Mimi sitauona mwisho wake. Wewe, labda. Binti yako, akiwa na akili kuliko wewe, ataona."

"Akili amerithi kwangu," nikamwambia.

"Basi tumekwisha," akasema, na mwalo mzima ukacheka.

Lakini kilichotushika hasa hakikuwa maneno yake. Tulikuwa Wasukuma, Wajita, Wakerewe, Wajaluo, kila mtu na lugha yake na kinyongo chake. Kilichotushika ni kuzikana. Akifiwa mmoja, wote tunakwenda, iwe Magu, iwe Musoma, iwe wapi. Asiyekwenda anatozwa faini, na faini ni nafuu kuliko maneno atakayosikia. Mtu aliyekuzikia baba yako huwezi kumwacha peke yake mbele ya tajiri. Ndivyo tulivyokuwa wamoja. Mama yangu, ambaye miguu ilishaanza kumgomea akawa haaniki tena, alikipenda chama chetu kwa ajili hiyo tu. Alisema kwa mara ya kwanza nimefanya kitu cha maana.

Lakini tukienda wote kuzika, mchanga unabaki mtupu, na Mwenyekiti aliliona hilo mapema. Kwenye kikao kimoja cha siku za mbalamwezi, tumekaa kwenye mawe tunakula miwa, alisema tu, kama anayesema habari za chumvi, "Siku nikifa mimi, nusu mje kunizika na nusu mbaki hapa."

Lo! Ungedhani ametukana. "Toba!" "Ushindwe!" Mimi mwenyewe nilimwambia aache uchuro, nani anayejitabiria kifo akiwa na muwa mdomoni? Akasema, "Nimesema. Nitawasamehe watakaobaki. Wasiobaki ndio sitawasamehe." Tukacheka, tukabadilisha mazungumzo.

Alianguka akiwa anageuza dagaa. Presha, walisema hospitali. Hakurudi. Nilikuwa sijawahi kulia hivyo kwa mtu ambaye si ndugu yangu, nilipiga yowe pale mlangoni mwa wodi mpaka nesi akanishika mkono akanitoa nje.

Ndugu zake wakataka azikwe kwao, Ukerewe. Msiba ukakaa kwanza kwake, mjini, na wote tulikuwa pale, tunapanga safari ya meli. Mama yangu, kutoka jikoni, akauliza kwa sauti, "Na ufukweni mnamwachia nani?"

Wote tulikumbuka alichosema marehemu, niliona machoni mwao. Lakini nani angesema, mimi nabaki? Nani angekubali kuitwa yule ambaye hakumzika Mwenyekiti? Mmoja akasema, "Bibi, leo si siku ya ufukwe." Mwingine akasema hata tajiri ni binadamu, anajua msiba, hawezi kufanya jambo watu wakiwa na maiti. Hilo likatutosha. Tuliamini kabisa kwamba mbele ya jeneza kila mtu anasimama, kama tunavyosimama sisi.

"Basi nitakaa mimi," mama akasema. "Meli siiwezi, magoti haya." Hayo yakawa mazishi ya kwanza ninayoyakumbuka ambayo mama yangu aliyakosa.

Tulimzika Mwenyekiti kwa heshima. Nansio, mji wa kule Ukerewe, haijasahau. Tulijaza meli, tukajaza njia, tuliimba tangu bandarini mpaka kaburini, wenyeji wakauliza ni kiongozi gani huyu. Nilijivuna, sifichi. Niliwaza mama angefurahi kuuona ule umati.

Siku ya kurudi tulisimama upande wa meli unaotazama kwetu. Ilemela ikatokea, mawe, nyumba juu ya mawe, halafu kitu kinachong'aa chini, pale ambapo hapakuwa na kitu cha kung'aa. Mabati. Mabati mapya, yamesimama mstari mmoja, toka barabarani mpaka ndani ya maji. Mwenzangu mmoja alikaa chini kwenye sakafu ya meli, akajifunika uso na ile ile khanga ya msiba.

Kufa kufaana, ndiyo hiyo. Kifo chetu kilimfaa tajiri.

Mama nilimkuta nyumbani, amekaa kitandani, kiti chake cha plastiki kiko mlangoni. Alinisimulia taratibu. Asubuhi walikuja vijana wengi na lori. Walimkuta amekaa peke yake katikati ya mchanga, na fimbo yake, na dagaa kidogo wameanikwa mbele yake kwa ajili ya zamu. "Wakaja wakasema, shikamoo bibi. Nikaitikia, marahaba wanangu. Wakainama, wakakishika kiti huku na huku, wakanibeba nacho. Polepole kabisa, mwanangu. Wakaniweka kando ya barabara. Mmoja alirudi akaniletea na dagaa."

Nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

"Kosa langu ni lile la kuitikia," mama akasema. "Ukishasema marahaba, mtu ameshakuwa mwanao. Sasa utampigaje mwanao fimbo?"

Alikuwa hatanii. Alilirudia hilo miezi mingi, akiwa peke yake, nilimsikia.

Ule mchanga mkubwa haujarudi. Hoteli yenyewe haijajengwa, mabati yamesimama tu na ndani kumeota magugu. Wenzetu wengi walikwenda mialo mingine. Wengine waliacha, wengine wakatulaumu sisi, na kundi letu la WhatsApp likabaki la kutumiana salamu za Pasaka. Tuliobaki tukahamia kwenye mawe, pembeni ya mabati. Dagaa kwenye mawe wanakauka vizuri, ila kuna nafasi ndogo na ukiteleza unavunja mguu. Tukaanza zamu upya. Tukaapa, kila mmoja kwa mdomo wake, kwamba msiba wowote, wa yeyote, nusu watabaki. Kuapa ni rahisi pale ambapo hakuna aliyefiwa.

Mama hakuzungumza tena habari za kuzikwa. Hilo lilinitisha kuliko kikohozi chake. Mwaka jana, mvua za vuli zilipoanza, akawa haamki tena bila kushikwa. Siku moja nikiwa nampaka mafuta miguuni nilimuuliza, maana ilikuwa lazima niulize, "Mayu, siku ile ikifika, wa ufukweni waje wangapi?"

Alivuta khanga akafunika magoti.

"Mimi mambo ya chama chenu siyajui," akasema. "Mimi napenda watu, mwanangu."

Hakuniambia wote, wala hakuniambia nusu. Nikaendelea kumpaka mafuta.

Wiki ile ile watu wa tajiri waliteremsha nguzo nyingine karibu na mawe yetu. Vijana wakaja na kamba wakapima mpaka tulipoanika, tukawatazama. Na mama akafa, mchana, wakati wa kugeuza dagaa, binti yangu akiwa amemshika mkono.

Wenzangu walikuja kwangu kabla sijamaliza kumfunga kidevu. Walijaza ua, walijaza mpaka kwa jirani, na jikoni kwangu kulikuwa na sufuria nisizozijua. Nilisimama mlangoni nikawatazama. Niliwaza, mayu, ungeona. Wakaanza kupanga Coaster za kwenda kijijini, mbele ya Magu, tunakozika. Tatu, wakasema. Mwingine akasema tatu hazitoshi.

Nikasema, "Waje watano wa kuwakilisha. Wengine mbaki kwenye mawe."

Kelele zikaanza. Kwamba huyu siyo bibi wa kuzikwa na wawakilishi. Kwamba aliwapikia wote, misiba yote, kuna ambaye mama alimkeshea mtoto wake mgonjwa. Mmoja, yule yule niliyewahi kumwanulia nikiwa nimenuna, alinifuata mpaka usoni akiwa analia. "Unatuzuia kumzika mama yetu? Wewe ni mtu wa aina gani?"

"Ni mtu aliyefiwa," nikamjibu. "Na nimesema."

Sasa niseme lililokuwa moyoni, maana nje walikuwa wanaona mwanamke wa chuma. Nilitaka wanikatalie. Nilitaka wapande Coaster kwa ubishi, waje wote, na mimi niwafokee pale kaburini huku moyo umetulia. Watu wa mwalo ule ni wabishi tangu kuzaliwa. Niliutegemea ubishi wao.

Kijijini tulifika mchana. Ndugu walikuwa wameandaa kama wanavyoandaa kwa mtu mkubwa, turubai, viti vya kuazima, sufuria za wali za kulishia kata nzima. Wakakaa wachache, ndugu, majirani wa zamani ambao mama aliwaacha wakiwa wasichana, na wale watano wangu wamejikusanya pembeni, hawainui macho. Mama mdogo, mdogo wake mama wa mwisho, akanivuta kando.

"Watu wa mjini wako wapi? Dada si alikuwa anatuambia amezika Mwanza nzima?"

"Wana kazi, mama mdogo."

"Kazi," akasema, na akaangalia vile viti. "Kazi gani siku ya kuzika?"

Nilimsikia baadaye akimwambia mjomba kwamba mji unaharibu watu, huenda dada aligombana nao. Sikumkatalia. Katekista alikuwa anasoma na mimi nilikuwa natazama barabara. Kila vumbi likiinuka nilihesabu ni Coaster. Likapita lori la pamba, akapita mtu na ng'ombe zake. Tukaimba wimbo ambao mama alikuwa anauongoza yeye, na sauti zikawa chache, kibwagizo kikawa kinakufa kabla hakijaitikiwa. Waliteremsha jeneza. Nikatupa udongo. Nikatazama barabara tena. Hawakuja. Kwa mara ya kwanza tangu niwafahamu, watu wale walifanya walivyoambiwa.

Watu walipokuwa wanakula, na wali ukawa mwingi mpaka unasikitisha, simu yangu ikaita. Alikuwa yule aliyenililia usoni.

"Dada, pole," akasema. Pumzi zilikuwa juu. "Walikuja. Na lori, na nguzo. Wametukuta wote tumekaa juu ya mawe, kila mtu na beseni lake."

"Wakasemaje?"

"Wakasema, shikamooni mama zetu."

"Mkaitikia?"

"Hatukuitikia," akasema. "Hata mmoja. Wamesimama, wamesimama, wakaona haya. Wakarudisha nguzo kwenye lori." Halafu akaanza kulia tena. "Mama amezikwa vizuri? Watu walikuwa wengi?"

Nikamwambia walikuwa wengi.

Niliirudisha simu mfukoni nikarudi kaburini peke yangu. Udongo ulikuwa bado mbichi, na maua ya karatasi yameshaanza kupeperushwa na upepo. Nikayakusanya nikayakandamiza kwa jiwe. Nikamwambia mama kwamba walikuja, na safari hii waliwakuta watu, wengi, wamekosa pa kukaa juu ya yale mawe. Nilidhani nikimwambia hivyo nitapata nafuu. Nikageuka nikaviona vile viti vya kuazima, safu nzima hazijakaliwa, na kijana wa kukodisha ameshaanza kuvipanga kimoja juu ya kingine. Hapo ndipo nikalia kwa sauti, mimi ambaye sikulia tangu afe. Mama yangu alipenda watu, na mimi niliwaambia wasije.